Mama Aliyeshonwa Akabaki Akivuja

Sisi watu wa Kabongo tumezoea kusema kwamba mama mwenye fistula akiisha kushonwa na mkojo usikome, basi hana dawa tena. Neno hilo tumelisikia kwa wazazi, kwa waume, na kwa mama mwenyewe, aketiye peke yake karibu na mlango wa kanisa ili harufu isiwaudhi wenzake. Si neno la kweli, nalo limewafungia wengi njia ya kupona.

Tuufahamu kwanza ugonjwa wenyewe. Si uchawi, wala si adhabu ya uzinzi. Mama akishikwa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hukibana kibofu juu ya mfupa wa kinena. Nyama iliyokosa damu hufa, ikaanguka na kuacha tundu. Tundu dogo lililo jipya pengine huziba kwa mpira wa mkojo uliowekwa majuma kadhaa. Lililo kubwa hutaka kushonwa.

Akivuja baada ya kushonwa, daktari na ampime upya. Kama tundu limefunguka, hungojewa miezi kama mitatu nyama zipoe, ndipo hushonwa tena na fundi mwenye ujuzi zaidi. Kama tundu limefungika ila misuli izuiayo mkojo imelegea, husaidiwa kwa mazoezi ya kuikaza, na yasipotosha, kwa upasuaji wa namna nyingine. Wachache ambao kibofu chao kimeharibika kabisa huweza kutengenezewa njia nyingine ya mkojo, ingawa kazi hiyo ina hatari zake.

Ujuzi huo hauko Ulaya tu. Addis Ababa, Reginald na Catherine Hamlin walianzisha mwaka 1974 hospitali ya ugonjwa huu peke yake. Na katika nchi yetu, huko Bukavu, iko Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018.

Enyi akina baba, ahadi ya ndoa haikusema: mpaka augue. Safari ni ndefu na nauli ni nzito. Basi jamaa na jumuiya tuchange. Akirudi, apumzishwe na tendo la ndoa miezi mitatu, na mimba ijayo azae hospitalini kwa kupasuliwa. Naye aketi katikati yetu, si mlangoni.