Kilichofichwa na Kava

 

Magari mengi ya familia hapa Pwani huteremka bandarini Kilindini yakiwa yameshatumika Japani. Kanuni za Kenya hazikubali kuingizwa gari lililopindukia miaka 8, na wengi wetu hununua lililoukaribia ukomo huo kwa kuwa bei yake ni nafuu. Basi kiti tunachokiita kipya aghalabu kimeshamchukua mtu mwingine miaka saba. Nasi tunakiongezea ya kwetu: jua la mchana kutwa, jasho, unyevu wa bahari, na watoto watokao kuogelea na nguo zao za chumvi. Sponji huliwa na hayo kidogo kidogo, hata ukiibonyeza hairudi, na mwisho hupukutika unga wa manjano.

Kiti cha dereva cha gari letu kilifika hapo. Anayeliendesha zaidi ni mama watoto, kwa kuwa mamake yuko Malindi na ni mgonjwa, naye hapitishi wiki bila kwenda kumwangalia. Ni kilomita zipatazo 120 kwenda, na kurudi ni mfano wa hizo. Kiti kilikuwa kimebonyea upande wa mlangoni, pale mtu anapojitupa akiingia na kujikokota akitoka, hivyo alikuwa akikaa kiuno kimepinda njia nzima. Siku moja nilimkuta anaswali Isha kwa kuketi. Mwanamke huyu sijapata kumwona akiswali faradhi kwa kuketi ila alipokuwa mgonjwa wa kulazwa.

Tulikipeleka kiti gereji. Malipo yalikuwa ya sponji mpya na kava mpya, na kikarudi kinang'aa. Haikutimia miezi miwili, shimo likawa palepale. Binti yetu, ambaye ndiye fundi wa kila kitu kinachoharibika nyumbani, akaniambia, "Baba, kwa nini tusikifungue wenyewe tukaona?"

Tukakifungua. Kiti hushikwa sakafuni kwa bolti, aghalabu nne, na spana moja yatosha. Lakini lipo jambo nisilopenda lipitwe na msomaji yeyote: chini ya viti vya magari mengi ya leo mna nyaya zenye soketi za manjano, na hizo ni za mifuko ya hewa na mikanda ya usalama. Haziguswi mpaka gari limezimwa, waya wa betri umechomolewa na dakika kadhaa zimepita. Wala gari lisiwashwe kiti kikiwa nje, kwani taa ya hitilafu huwaka, na kuizima kwataka chombo cha fundi.

Kava lilikuwa limebanwa kwa vipete vya waya. Binti akavikata kwa koleo kimoja kimoja. Ndani tukaikuta sponji ileile ya Japani, imechoka vilevile, na juu yake pamesindikwa vipande vya godoro kuukuu na matambara. Mama watoto akaniita, "Baba, hebu tia mkono wako hapa." Nikatia.

Kisa cha Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, na rundo la chakula sokoni tumekisoma chuoni sote: aliingiza mkono wake ndani ya rundo, vidole vikakuta umajimaji, akamuuliza mwenyewe kwa nini asiuweke ule uliolowa juu watu wauone. Nimekifundisha kisa hicho kwa miaka mingi. Sikupata kukifahamu kwa vidole hadi siku ile.

Mafakihi walilijadili mno suala la fundi anayeachiwa mali ya watu. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Malik humbebesha fundi dhamana ya kitu kilichopotea au kuharibika mkononi mwake, ili watu wasipoteze mali zao. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kauli yenye nguvu ni kuwa fundi ni mwenye amana, halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Lakini aliyepokea fedha za sponji mpya akaiacha ya zamani hayumo kabisa katika khitilafu hiyo. Huo ni ghushi, na haki ya mwenye mali ni kurudishiwa fedha yake. Tulikwenda kuidai kwa upole, sponji mkononi. Tukarudishiwa nusu. Nusu ya pili twaingoja.

Kazi yenyewe tuliifanya barazani siku mbili. Godoro lina sponji laini inayolala upesi. Kwa kiti hutakikana sponji nzito na ngumu, ambayo ukiibonyeza kwa goti hurudi mara moja. Wauza magodoro hukata kipande kwa kipimo, nawe unakichagua kwa mkono wako. Tuliichukua ile ya zamani tukaifanya kipimo, tukaikata mpya kwa kisu cha mkate, mbavu za pembeni tukazigandisha kwa gundi. Chini, juu ya springi, mama watoto alitandika kipande cha gunia ili waya zisiikate sponji. Hilo alijifunza kwa marehemu babake, aliyekuwa akitengeneza makochi.

Kava hatukulithubutu. Cherehani ya nyumbani inayoshona buibui haiwezi kupenya ngozi ya kiti mikunjo mitatu, na ukiilazimisha huvunjika sindano kisha huharibika na mashine. Na ikiwa mfuko wa hewa umo ubavuni mwa kiti, kava la mgongoni lazima liwe na mshono maalumu unaoachia mfuko ulipuke nje. Kava la kubahatisha laweza kuuzuia siku unapohitajika. Sehemu hiyo ni ya fundi ajuaye, na hapo namlaumu anayebana shilingi.

Basi tulimwendea fundi mwingine, mtu mzima mwenye kibanda chake. Mama watoto ndiye aliyezungumza, kwani fedha ni zake za ushoni na mgongo ni wake. Wapo wanawake wanaoniambia kuwa wakifika gereji peke yao huulizwa, "Mzee yuko wapi?" kana kwamba kiti hakina mkaaji. Fundi huyu hakuuliza. Walitaja ujira kabla ya sindano kugusa kitu, kwa sababu ijara isiyojulikana malipo yake haisihi. Wakataja siku ya kumaliza. Yote yakaandikwa karatasi moja, kila mtu akachukua nakala. Kisha mama watoto akatoa kalamu ya wino mzito akaandika jina lake juu ya sponji, kubwa, mbele ya fundi. Mimi niliona haya kidogo. Fundi akacheka, akasema laiti wateja wote wangefanya hivyo, kwa kuwa naye hushukiwa kwa makosa ya wenzake.

Siku ya kuchukua kiti alikuwa ameacha upande mmoja wa kava bila kufunga, bila kuombwa, ili tuchungulie. Jina lilikuwapo. Akafunga vipete vilivyobaki tukiwa tumesimama pale.

Safari nne za Malindi zimeshapita tangu hapo. Isha ya jana mama watoto aliswali kwa kusimama, ingawa rakaa za sunna bado huziketia. Kiti cha nyuma nacho kimeanza kubonyea, na binti ameshakitolea kipimo.