Mlango wa Nyuma wa Msalaba Mwekundu

Katika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, dagaa waitwao chisense huanikwa juani tangu asubuhi, na ng'ambo ya Ziwa Mweru ni nchi ya Kongo. Upande ule upo mji wa Kilwa, ambao msomaji asiuchanganye na Kilwa ya Lindi, na kaskazini zaidi upo Pweto. Mwaka 2017, vita vilipochacha katika majimbo ya Katanga ya Juu na Tanganyika, maelfu ya watu walikimbilia Zambia. Walipokelewa kwanza Kenani, na tangu Januari 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala, humo humo Nchelenge. Ndiyo maana Kiswahili husikika huko pamoja na Kibemba.

Na afikiriwe mama mmoja miongoni mwao, aliyepotezana na mwanawe usiku wa kukimbia. Kijana wa Msalaba Mwekundu ameketi mbele yake na fomu.

"Mama, mlionana naye mara ya mwisho wapi?"

Mama husita, na ana haki ya kusita, maana wapo wenye bunduki ambao nao wangependa kulijua jibu hilo.

"Maandishi haya yanakwenda wapi, mwanangu?"

"Yatatunzwa, mama. Watakaoyaona ni wale tu wanaomtafuta mtoto."

Ahadi ya namna hiyo imetolewa kwa nia njema katika nchi nyingi. Tarehe 18 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye makao yake Geneva, iligundua kwamba wezi wameingia katika seva zilizotunza habari za watu zaidi ya 515,000: waliopotea, wafungwa, na jamaa waliotenganishwa na vita au maafa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama vya kitaifa visivyopungua 60. Wezi walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021. Walikaa ndani siku 70 bila kuonekana.

Waliingilia wapi? Ilikuwapo programu ya kampuni ya Zoho iitwayo ADSelfService Plus, ambayo humwezesha mfanyakazi aliyesahau neno lake la siri kujiwekea jipya bila kumsumbua fundi. Programu hiyo ilikuwa na kasoro: anwani ya ukurasa ikiandikwa kwa hila fulani, ukaguzi wa kitambulisho ulirukwa. Askari aliyepata kushika zamu langoni atalielewa jambo hili upesi. Ni kama mlinzi akaguaye kila gari, isipokuwa lile ambalo namba yake imeandikwa kinyume. Aliyekwisha kupita hapo aliweza kupandikiza skripti ndani ya seva, yaani maagizo mafupi, na seva ikayatii kama amri ya bwana wake. Wezi wale wakajifanya wakuu wa mitambo. Na ingawa kumbukumbu zilikuwa zimefungwa kwa maandishi ya siri, mkuu wa mitambo hufunguliwa.

Wataalamu huyapa matundu ya aina hii alama, na ya juu kabisa ni 10. Hili lilipewa 9.8. Lakini alama peke yake haitoshi kumwongoza fundi, kwa sababu Kamati ile hubandika viraka makumi ya maelfu kila mwaka, wala haiwezekani kuvibandika vyote siku moja. Hapana budi aulize: je, mlango huu unatazama barabarani au uani? Je, yupo aliyekwisha kuutumia? Na nyuma yake kumewekwa nini?

Kwa maswali mawili ya kwanza majibu yalikuwa wazi. Mlango ulifikika kutoka kwenye intaneti. Kiraka kilitolewa mapema Septemba 2021, na tarehe 16 ya mwezi huo serikali ya Marekani ikatangaza hadharani kwamba tundu linatumiwa na wezi. Kutoka tangazo hilo hadi wizi wa Geneva ni siku 54. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na hakuna mtoa alama awezaye kulijibu. Duka la viatu lenye programu ile lilipewa 9.8 ile ile. Mwenye nyumba peke yake ndiye aliyejua kwamba nyuma ya mlango wake kuna majina ya watoto waliopotea.

Kamati inastahili sifa kwa jambo moja. Tarehe 16 Februari 2022 ilikiri waziwazi kwamba kiraka hakikubandikwa kwa wakati. Wengi wangenyamaza. Seva zilizimwa, na kazi ambayo kwa wastani iliwakutanisha watu 12 kwa siku na jamaa zao ikarudi kufanywa kwa majedwali ya kawaida. Hadi siku hiyo haukupatikana ushahidi wa hakika kwamba majina yale yamechapishwa au kuuzwa. Neno la siri hubadilishwa kwa dakika moja. Jina la mtoto na kijiji alikoonekana mara ya mwisho havibadilishwi.

Ikabaki kazi ya kuwaambia wenyewe. Wengine walipigiwa simu, wengine wakaandikiwa barua. Kwa wale wa mbali ilibidi watumwe watu, wakae tena mbele ya akina mama kama yule, na safari hii wao ndio waanze kwa kusita.