Mlinzi Asiyefukuzika

Mwishoni mwa Juni, baada ya kukabidhi matokeo ya mitihani ya wanafunzi wangu, nilipanda basi kwenda Njombe. Anayeijua Njombe ya mwezi huo anajua kwamba haendi mtu kule kwa starehe: asubuhi umande huganda juu ya nyasi, na mazungumzo yote hufanyika karibu na jiko la mkaa. Kilichonipeleka ni simu ya baba yangu mdogo.

"Daktari mwanangu," alisema, "kompyuta yangu imeingiliwa. Na watu wameanza kunitazama kwa jicho la pembeni."

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, na ndiye mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwake, chenye wanachama ishirini na wanane, wengi wao akina mama wauza viazi na mbao. Mwaka jana alinunua kompyuta mpakato mjini Makambako, akahamishia humo hesabu zote zilizokuwa kwenye daftari. Miezi michache baadaye dirisha jekundu likaanza kumtokea kila alipoiwasha: ulinzi wako umekwisha, taarifa zako ziko hatarini, lipa sasa. Bei ilitajwa kwa dola. Mzee akaogopa kwamba akifungua faili la kikundi, wezi wa mtandaoni watalichukua. Akaifunga kompyuta na kuifunika kitambaa. Vikao viwili vikapita bila taarifa ya fedha. Msomaji wangu, unajua mahali ambapo watu wamechangishana akiba yao, kikao kimoja kisicho na hesabu ni uzembe, na cha pili ni tuhuma.

Nilishuka Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, nikaingia katika duka alikonunua. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu: "Hiyo imekuja nayo kutoka kiwandani, mzee. Ni zawadi."

Zawadi hiyo ina historia yake. Watengenezaji wengi wa kompyuta hulipwa na kampuni za programu ili bidhaa zao ziwekwe ndani ya mashine kabla haijafika sokoni. Mnunuzi hupewa muda wa majaribio, aghalabu siku thelathini au miezi michache, kisha hutakiwa kulipa. Hapo ndipo hofu inapofanywa mtaji. Wala si kila kilichowekwa kabla huwa ni cha kukulinda. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Lenovo ilikuwa imeuza kompyuta zenye programu iitwayo Superfish, iliyopenyeza matangazo katika kurasa alizofungua mtumiaji na kudhoofisha kinga ya mawasiliano yake, hata yale ya siri. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani kuhusu shauri hilo.

Nilifika Njombe jioni. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Kunywa chai kwanza, mgonjwa hatatoroka." Nilikunywa, kisha tukamfunua mgonjwa.

Jambo la kwanza nililofanya ni kunakili faili la kikundi kwenye flashi. Kisha nikafungua orodha ya programu, nikaitafuta ile ya ulinzi na kuamuru iondolewe. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Ikanionya kwamba nitabaki uchi mbele ya wahalifu. Nikasema ndiyo. Ikaniomba niieleze sababu ya kuondoka kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgeni katika nyumba yake. Hatimaye ikasema imeondoka. Tukazima, tukawasha. Dirisha jekundu likarudi pale pale.

"Mgeni siku mbili," akasema baba mdogo, "ya tatu mpe jembe. Huyu tumempa jembe, amekataa hata kulishika."

Programu za aina hii hujichimbia ndani sana ya mfumo, na kwa sababu ya kueleweka: kirusi kikiweza kumfukuza mlinzi kirahisi, ulinzi hauna maana. Lakini ukaidi ule ule unaomzuia mwizi humzuia pia mwenye nyumba. Ndiyo maana baadhi ya kampuni zenyewe hutoa chombo maalumu cha kufuta mabaki ya bidhaa zao. Nilinunua bando, nikakipakua kutoka kwenye tovuti rasmi ya waliotengeneza programu ile, si kwingineko, kwa kuwa mitandaoni wapo matapeli wanaouza dawa iliyo sumu. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Betri ikatuvusha. Tulipowasha tena, dirisha jekundu halikuonekana.

Kilichofuata kilimshangaza mzee. Mfumo wa Windows una mlinzi wake, Defender, ambaye tangu toleo la 8 la mwaka 2012 hukinga virusi bila malipo ya ziada. Kwa kawaida hujiweka kando anapokuta programu nyingine ya ulinzi imeshika lango. Yule wa kulipiwa alipotoka, huyu akaingia kazini mwenyewe. Baba mdogo alikuwa akiombwa dola kwa kitu ambacho tayari alikuwa nacho, na katika kuogopa akakaribia kupoteza kitu kisichonunulika, yaani kuaminiwa na majirani zake.

Tunazo sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini sheria haimsaidii mzee ambaye hajui kwamba kutishwa kwa dirisha jekundu ni biashara ya mtu. Hilo ni deni letu sisi tuliosoma kwa kodi za watu kama yeye.

Nami nisiishie kwenye kompyuta. Ibara ya 8 ya Katiba yetu inasema Serikali hupata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Maana yake, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu, ni kwamba mlinzi ni wako pale tu unapoweza kumwondoa kazini. Asiyeondoka kwa kuambiwa, anayekutajia maadui kila unapomuuliza hesabu, huyo amekwisha kuwa mwenye nyumba. Nimeliona hilo katika vyama vya ushirika, katika kamati za misikiti na makanisa, na katika vyama vya siasa vya pande zote.

Jumapili baba mdogo alisoma taarifa ya miezi yote mbele ya kikundi. Hesabu zilikamilika hadi shilingi ya mwisho. Mama mmoja alisimama akaomba radhi kwa maneno aliyoyasema kisimani. Mwingine hakuomba, akasaini tu na kuondoka.

Usiku ule, tukiota moto, niliirudia hotuba yangu ya mlinzi na mwenye nyumba. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na huyu wa sasa, Defender, nikimchoka nitamtoa?"

Nikamjibu ukweli. Unaweza kumzima kwa muda, lakini baadaye hujiwasha mwenyewe. Kumwondoa kabisa hakuna njia ya kawaida.

Akachochea mkaa. "Kwa hiyo tumebadilisha zamu tu."

"Huyu hakudai fedha, baba, wala hakutishi."

"Bado," akasema, akaenda kulala.