Mwaka Aliozaliwa Bibi

Fomu ya nyumba ya mazishi ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, na swali la pili liliuliza tarehe ya kuzaliwa ya marehemu. Ilikuwa Februari 2022, hapa Louisville, Kentucky. Nilikuwa nimeongozana na mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu kambini Lukole. Akanisogezea kalamu. "Andika ile ya kwenye kadi," akaninong'oneza kwa Kirundi, kana kwamba mwenye ofisi angekuwa anajua Kiswahili.

Ya kwenye kadi ni tarehe 1 Januari 1948. Januari mosi si ajabu. Katika jengo tulilofikia Marekani, karibu watu wazima wote waliotoka kambini walizaliwa siku hiyo, maana karani asiyepata tarehe huandika ya kwanza ya mwaka. Shida ni huo mwaka 1948.

Niligundua nikiwa sekondari. Mwalimu wa historia alitutaka tuandike maisha ya mzazi wa mzazi wetu, nami nikaketi na Bibi jikoni na daftari langu. Akaniambia kwamba Mwanamfalme Rwagasore alipouawa, habari zilimkuta akimnyonyesha mtoto wake wa kwanza, na maziwa yakakauka siku mbili. Nikaangalia kwenye kompyuta: Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Nikapiga hesabu. "Bibi, ulizaa ukiwa na miaka kumi na tatu?"

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanyamaza, akaenda kufunga mlango.

Maisha yake kwa ufupi ni haya. Alizaliwa Kirundo, kaskazini mwa Burundi. Aliolewa na mwalimu wa shule. Mwaka 1972, waliposakwa Wahutu waliosoma, babu aliitwa kwenye mkutano na hakurudi. Bibi akavuka kwenda Bugesera, Rwanda, na watoto wanne, mdogo akiwa mgongoni. Huyo wa mgongoni ndiye mama yangu. Bugesera wakalima miaka ishirini na miwili. Kisha ikaja 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi, na Bibi alikuwa mmoja wao, kwa mara ya pili mkimbizi, safari hii kutoka nchi aliyokuwa amekimbilia. Wanyarwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996, sisi Warundi tulibaki Lukole.

Mimi nilizaliwa kambini, 1995. Mama alikufa sijatimiza mwaka. Baba simjui. Katika wale watoto wanne wa Bibi hakubaki hata mmoja.

Basi ikafika siku ya kuhesabiwa. Foleni ilianza usiku. Ulivuma uvumi, na kambini uvumi ulikuwa redio yetu, kwamba mtoto yatima anayelelewa na mzee sana atahamishiwa kwa familia nyingine yenye nguvu. Sijui kama ilikuwa kweli, naye hakuwa na namna ya kujua. Alikuwa na umri wa karibu miaka sitini. Alifunga kilemba kipya cha kuazima, akapaka mafuta usoni, akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa nimeshaanza kutembea, akasimama wima mbele ya ile meza. Alipoulizwa umri akapunguza miaka kumi. Karani alimtazama, akaandika.

"Nilijipunguzia kidogo tu," aliniambia pale jikoni, kama mtu aliyepunja mizani ya maharage sokoni.

Na akaishi kwa umri huo. Mgao ulikuwa mahindi, tena punje. Kusaga ni fedha, kwa hiyo ili ule unga ilibidi uuze sehemu ya mahindi yenyewe. Sheria ilikataza kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini. Bibi alitoka kabla ya adhana ya alfajiri, jembe limefungwa ndani ya kitenge kama mtoto, akaenda kulima kibarua kwenye migomba ya wanakijiji. Alirudi na mihogo, au na ndizi, mara chache na hela. Madaftari yangu yote ya shule ya msingi yalitoka kwenye jembe lile.

Mwaka 2008, mwaka ambao Lukole ilifungwa, tukaletwa Marekani pamoja na Warundi wengine wa 1972. Hapa msaada wa serikali kwa wazee huanzia miaka 65. Kwa karatasi, Bibi alikuwa na sitini. Akatafutiwa kazi ya kukunja mashuka na mataulo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, usiku. Kwa kweli alikuwa na miaka sabini. Miaka mitano alipanda basi saa nne usiku, na mimi, mvulana wa miaka kumi na tatu niliyekuwa nimeanza kuona haya, nilimwomba asinipungie mkono dirishani nikiwa na wenzangu. Hilo sikuwahi kumwomba radhi.

Siku ile ya jikoni nilimwambia twende turekebishe. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi. Akakataa. "Karatasi ukiifungua, hujui itatoa nini." Akanitaka nimwandikie mwalimu kuwa alizaliwa 1948 na kwamba Rwagasore alisimuliwa tu. Niliandika hivyo. Nilipata alama nzuri.

Kwenye fomu ya mazishi nikaandika 1948. Lakini wasifu nilioandika kusomwa kanisani ulisema alizaliwa karibu 1938, akafariki akiwa na takriban miaka themanini na minne. Nilipofika hapo, kwenye kiti cha mbele kina mama wa Lukole waligeukiana. Mmoja, ambaye kadi yake pia nadhani ina siri zake, akasema kwa sauti ya kanisa zima kusikia, "Themanini na nne? Huyo? Ongeza mwanangu, ongeza."

Watu wakacheka msibani. Nikasubiri watulie, nikaendelea kusoma.