Kolo: Michoro ya kale na bonde lisilochorwa

Anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Babati hupita Kondoa, kisha Kolo, kijiji kilicho kwenye Milima ya Irangi. Wengi hawasimami. Familia yenye nusu siku ya ziada isimame.

Hapo Kolo huchukuliwa mwongozaji wa kwenda Mongomi. Gari huachwa chini, kisha ni kupanda kwa miguu hadi kwenye miamba yenye michoro, sehemu ya urithi wa dunia ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2006. Michoro myekundu, inayohusishwa na wawindaji wa kale, ina watu wembamba, twiga, tembo na pofu. Myeupe ni ya baadaye, na huhusishwa na wakulima. Mwaka 1951 Mary Leakey alipiga kambi eneo hili akinakili michoro hiyo.

Mzazi, mgeuze mtoto atazame bonde lililo chini, kisha umwulize: mchoraji alikaa hapa akiliona lote hilo, amelichora wapi? Atatafuta sana. Mengi ya yaliyochorwa ni wanyama na watu.

Nalo bonde limebadilika. Mmomonyoko uliikata ardhi ya Kondoa makorongo, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ukaanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi, na uoto ukaanza kurudi. Anachokiona mtoto leo sicho alichokiona babu.

Kwa hiyo mwache akichore. Wachoraji wa mandhari hubeba kibao kidogo, ukubwa wa daftari, na rangi za mafuta, wakamaliza kabla vivuli havijahama. Huanza na vitu vikubwa: anga, milima, bonde. Miti hufuata mwishoni. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa kukauka, hivyo kibao kisafirishwe ndani ya boksi. Kwa mtoto mdogo, penseli za rangi zinatosha.

Sharti ni moja: rangi zifunguliwe mbali na miamba. Michoro imeumizwa na wanaoimwagia maji ili ing'ae, wanaoandika majina, na waliochimba wakitafuta hazina ya Wajerumani. Tena Mongomi bado ni mahali pa matambiko. Mwongozaji ndiye wa kuulizwa pa kukaa.

Kazi ikiisha, mtoto aandike nyuma ya kibao jina la mahali na tarehe. Akirudi akiwa na wanawe, watalinganisha.