Mgongo Ukutani

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ukumbi wa michezo wa shule ninayofanya kazi hapa Brooklyn Park, Minnesota, mwalimu wa PE, yaani elimu ya viungo, hakunipa filimbi. Aliniuliza nitasimama wapi. Nikaonyesha katikati, kwenye duara la mpira wa kikapu, mahali ambapo kwetu mtu mwenye sauti husimama. Akacheka. "Nusu ya watoto watakuwa nyuma yako," akasema. "Rudi mpaka mgongo uguse ukuta."

Tangu hapo hivyo ndivyo ninavyofanya. Nikihama, nahama kando kando ya ukuta, uso ukiwaelekea watoto. Anayeanguka namwona akianguka. Sisubiri mpaka nimsikie akilia.

Tatizo ni kwamba kwetu Sindo, Suba Kusini katika Kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, uwanja hauna ukuta.

Uwanja wetu ulianzia nyuma ya darasa la nane ukaishia pale ng'ombe walipoamua. Upande mmoja kulikuwa na njia ya kwenda ziwani, upande wa pili shamba la mtama, na mbele kabisa vilima vya Gwassi. Udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi: mvua ikinyesha unang'ang'ania miguu, kiangazi kikiingia unapasuka nyufa za kumeza kifundo cha mtoto. Tulikuwa sitini na kitu, na ajuala moja, yaani mpira wa mifuko ya nailoni iliyofumbatwa na kukazwa kwa kamba. (Tangu serikali ipige marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, watoto wa nyumbani wananiambia hata malighafi imeadimika. Sidhani kama aliyeandika ile amri aliwafikiria viungo wa kati wa Suba Kusini.)

PE ilikuwapo kwenye ratiba. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliipa vipindi, lakini KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, haikuiuliza hata swali moja, na kisichoulizwa na KCPE kilikuwa halali ya Hisabati. Tukibahatika kutolewa nje, amri ilikuwa ni "tokeni mcheze", naye mwenye amri akabaki ofisini na rundo la madaftari. Wakubwa waliuteka mpira. Wadogo walisimama pembeni wakichuma nyasi. Wengine waliteleza taratibu kwenye ile njia ya ziwani, na hakuna aliyewahesabu waliporudi.

Mwalimu mmoja tu alikuwa tofauti, na tulimdhihaki kwa sababu ya utofauti huo. Alitoka nasi, kisha akaegemea mkuyu uliokuwa kwenye kona ya uwanja, asibanduke. Tukamwita mzee wa kivuli. Alikuwa ameugawa uwanja sehemu nne kwa kamba za katani: huku mpira wa miguu, huku kukimbizana, kule kuruka kamba, kule mbio za kupokezana kijiti. Akipiga makofi mara mbili, kila kundi linahamia pembe inayofuata. Katika dakika thelathini na tano kila mtoto alikuwa ameugusa ule mpira mmoja, na hakuna aliyesimama kuchuma nyasi. Nilihitaji kuvuka bahari na kufundishwa na mtu mwingine ndipo nielewe kwamba lile shina la mkuyu lilikuwa ukuta wake.

Huku Minnesota vifaa vipo: mikeka, koni za rangi, sakafu isiyoteleza, na mlangoni mashine ya kushtua moyo. Januari inapofika na nje kumekuwa barafu tupu, ukumbi huo ndio uwanja wenyewe. Lakini kitu ninachokitamani kwa ajili ya nyumbani si kimoja kati ya hivyo. Ni karatasi. Kabla muhula haujaanza, muuguzi wa shule hutuletea orodha: huyu ana pumu na inhela yake iko mahali fulani, huyu karanga humdhuru, huyu ana selimundu, apewe maji kila anapoomba na asilazimishwe kumaliza mbio.

Niliposoma neno hilo, selimundu, mikono ililegea. Eneo letu la ziwa, Homa Bay ikiwemo, ni kati ya sehemu za Kenya zenye selimundu nyingi zaidi. Huku watoto wachanga hupimwa damu siku moja au mbili baada ya kuzaliwa, na ugonjwa ukiwepo hujulikana mapema. Sisi darasani tulikuwa na mwenzetu aliyebaki nyuma kwenye kila mzunguko, akishika magoti, macho yamekuwa ya manjano. Alichapwa kwa uvivu. Alichapwa mara nyingi, na sisi tulicheka. Baadaye mama yake alitamka jina la ugonjwa huo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri deni. Jua kali, kiu na uchovu, vitu vitatu ambavyo PE ya Sindo haikosi kamwe, ndivyo vinavyomtia mgonjwa wa selimundu katika maumivu yasiyosemeka. Mwalimu asiyejua hilo, hata akisimama wapi, ana mtoto nyuma ya mgongo wake.

Sasa nirudi kwenye ule mkuyu, kwa sababu nimeusifu mno. Michezo ya jioni kwetu huanza mnamo saa kumi, na saa kumi ndiyo saa ya mawingu. Mchana kutwa upepo wa ziwa husukuma unyevu nchi kavu, unapanda vilima, na alasiri unarudi na radi. Minnesota kanuni ni fupi: mkisikia ngurumo, ingieni ndani, na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Sisi mvua ilipoanza tulikimbilia chini ya mti. Mwalimu wetu pia, mwangalifu kama alivyokuwa, alituita tujikusanye pale. Tulinusurika kwa bahati tu.

Hata darasa si kinga kamili. Juni 2011, katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wakiwa ndani ya darasa. Jengo la huku lina nyaya na mabomba ukutani yanayoipeleka radi ardhini. Darasa letu lina mabati na matofali. Mtandao wa ACLENet, wenye makao yake Uganda, umeanza kufunga vinasa radi kwenye baadhi ya shule za nchi hiyo. Bado sijakiona hata kimoja Sindo.

Mpwa wangu anafundisha Sekondari Msingi huko nyumbani. Alisomea Kemia na Bayolojia, lakini mtaala ulipopunguzwa masomo mwaka 2024, PE ikaunganishwa na sanaa, na somo hilo likaangukia mikononi mwake. "Nera," aliniambia kwenye simu, yaani mjomba, "mimi hata mpira wa wavu sizijui sheria zake." Nikamweleza habari za ukuta, za makofi mawili, za kuwauliza wazazi faraghani kuhusu magonjwa ya watoto wao siku ya mkutano wa shule. Za ngurumo hakuhitaji kuelezwa. Tayari huwarudisha darasani wingu likishuka Gwassi, naye huwakalisha katikati, mbali na kuta.

Wiki mbili baadaye alinipigia kwa video wakiwa uwanjani. Alikuwa amechagua kona yenye ua wa minyaa, mgongo huko, watoto wote mbele yake, mipaka imechorwa kwa majivu. Nikamwambia amefanya vizuri. Akasema ukuta huo una masharti: utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni mtoto anaweza kulala hospitali, kwa hiyo mpira ukitumbukia mle hakuna mwanafunzi wa kuufuata. Wakati huohuo ukatumbukia. Akaiweka simu chini, nikabaki nikitazama mbingu ya Sindo na kumsikia akiwahesabu kwa sauti huku akipenya kinyumenyume kwenye matawi.