Faili la Mfano

Video ikikataa kufunguka, watu huniandikia neno moja: imekufa. Harusi imekufa. Graduesheni imekufa. Kuna aliyeniandikia "mazishi yamekufa", kisha akanyamaza kidogo, nadhani baada ya kusoma alichotuma. Mimi huwajibu kwa swali lilelile: kamera ilizimika vipi?

Siulizi kwa umbea. Jibu la hilo swali ndilo linaniambia kama kuna kazi au hakuna.

Kamera nyingi za siku hizi hurekodi kwa MP4 au MOV, na hizo mbili ni ndugu, kwa sababu MP4 ilijengwa juu ya muundo wa QuickTime wa Apple. Ndani ya faili kuna vyumba. Kimoja kinaitwa mdat. Humo ndimo picha na sauti humwagwa mfululizo tangu ubonyeze kitufe chekundu. Kingine kinaitwa moov, na hicho hakina picha hata moja. Kina maelezo tu: kila fremu inaanzia wapi, ina ukubwa gani, sauti yake iko wapi, kodeki ni ipi. Ni kama ukurasa wa yaliyomo, ila kitabu chenyewe hakina namba za kurasa, hakina vichwa, wala nafasi kati ya neno na neno. Bila huo ukurasa, huwezi kusoma kitu.

Sasa shida ni kwamba kamera haiwezi kuandika yaliyomo kabla haijajua kitabu kinaishia wapi. Kwa hivyo nyingi huandika moov mwishoni kabisa, ukishasimamisha kurekodi. Betri ikiisha kabla ya hapo, au mtu akichomoa kadi kwa haraka, unabaki na gigabaiti kadhaa za picha zisizo na mlango. Kompyuta inaitafuta moov, haiioni, inakwambia faili ni bovu. Kumbe picha zote zimo.

Ukiniambia betri iliisha, napata matumaini. Ukiniambia ulifuta kwa bahati mbaya, bado nina matumaini, kwa sababu kufuta huwa hakupangusi kadi. Kamera inaandika tu kwamba nafasi ile iko huru, na programu kama PhotoRec inaweza kuichimbua. Lakini ukiniambia ulifuta, halafu ukaendelea kurekodi na kadi ileile hadi ikajaa, hapo nitakwambia pole, na sitakuitisha pesa.

Kazi hii niliijua kupitia jirani yangu mpiga video, nikiwa nimetoka chuo na naishi kwa kuandikia watu makala mtandaoni. Hakuna darasa nililoingia. Kuna ffmpeg, ambayo ni ya bure, na ndiyo hukuambia peupe kwamba moov haipo. Kuna untrunc, iliyoandikwa na Federico Ponchio, nayo ya bure. Untrunc inataka mafaili mawili: lile bovu, na lingine zima lililotoka kwenye kamera ileile ikiwa na setingi zilezile. Inasoma zima kwanza, inajifunza vile kamera hiyo inapanga mambo yake. Kisha inaingia kwenye bovu na kutembea ndani polepole: hii ni picha, hii ni sauti, hii inaishia hapa. Ikimaliza, inaandika moov mpya. Lile zima mimi huliita faili la mfano.

Nyumbani pia kuna faili la mfano. Ni binamu yangu. Tuliingia chuo mwaka mmoja. Yeye alimaliza, mimi nikatoka mwaka wa tatu karo iliposhindikana. Mama akinipigia simu hagusii mambo ya shule. Anauliza tu, "Umesikia binamu yako amepandishwa cheo?" Ningependa kumweleza Mama kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kutumia untrunc anakijua. Ukichukua mfano wa kamera nyingine, au hata wa kamera ileile ikiwa na setingi tofauti, unachopata ni vipande vya rangi na makelele. Miaka mitatu niliyosoma imo. Inayokosekana ni ile karatasi inayoandikwa mwishoni tu. Lakini pia siwezi kuusukuma mfano huu mbali sana, kwa sababu mwajiri haogopi kukwambia faili lako ni bovu, na landilodi hajali kilichomo ndani.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Kayole, wa rika la mama yangu, na kijana wake wa sekondari. Alikuwa amefunga memori kadi ndani ya kitambaa. "Wewe ndiye unafufua video, kijana wangu?" Nikamwambia najaribu, mama. Ilikuwa ruracio ya binti yake. Baba yake mzee alikuwa amesimama kuwabariki, na betri ikaisha akiwa bado anaongea. Miezi minne baadaye mzee akafariki. Hiyo ndiyo video pekee waliyokuwa nayo akiongea.

Kabla ya kurekebisha chochote, nilinakili kadi nzima, baiti kwa baiti, kisha nikaiweka kando nisiiguse tena. Sherehe ilikuwa vipande vinne. Kadi za FAT32 haziwezi kubeba faili la kuzidi gigabaiti 4, kwa hivyo kamera hukata video ndefu yenyewe. Vitatu vilifunguka vizuri, lakini kamera ilikuwa imewekewa setingi nyingine kabla ya kile cha nne, na cha nne ndicho kilikuwa na mzee. Nilihitaji faili la mfano lenye setingi za kipande hicho, na mpiga video alikuwa ameshauza kamera.

Nikapekua kadi. Katikati ya mafaili nikapata video ya sekunde 40 ambayo mtu aliirekodi labda akijaribu kamera: mbuzi wakishushwa kwenye pikapu, mmoja amegoma katakata. Siku ileile, setingi zilezile. Nikampa untrunc mbuzi na mzee.

Jaribio la kwanza lilileta picha, ila sauti ilikuwa nyuma ya midomo. Nikaisogeza kwa ffmpeg, nikasikiliza, nikaisogeza tena. Ilinichukua usiku. Kufikia asubuhi nilikuwa na dakika 22 za mzee mwenye koti la kijivu, watu wakimjibu "thaai", na mtoto fulani akilia nyuma. Halafu mzee anainua mkono, anasema, "Na watoto wenu—", na skrini inakuwa nyeusi.

Mama aliitazama bila kusema kitu. Mwishoni akaniuliza, "Hapo pengine utapamaliza lini?" Nikamweleza kwamba sekunde za mwisho zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kamera betri ilipoisha. Hazikuwahi kufika kwenye kadi. Kilichoandikwa naweza kukitafuta. Ambacho hakikuandikwa hakipo.

Kijana wake akaniangalia. "Lakini si AI inaweza kuimaliza hiyo sentensi? Sauti ya guka tunayo."

Na manze, inawezekana. Dakika 22 za sauti ni nyingi sana kwa programu hizo. Nilikuwa bado natafuta vile nitakataa bila kumwaibisha mtoto wakati mama yake alinitangulia.

"Hapana," akasema. "Acha alipoachia."

Niliwawekea video kwenye flashi, na ile ya mbuzi nikaiongeza, maana bila hao mbuzi hatungepata kitu. Kijana aliifungua kwenye simu palepale mlangoni. Mama akacheka akamtaja yule mbuzi kwa jina la shemeji wake mmoja.

Kama una kadi iliyokataa kufunguka, itoe kwenye kamera leo. Usirekodi tena juu yake, na kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati, kataa. Kisha utafute video nyingine yoyote ya siku hiyo iliyotoka kwenye kamera ileile, hata kama ni ya sekunde chache, hata kama ni ya mbuzi.